Linux Haioni Diski: Chunguza Kontrola na Draiva Kabla ya Kufuta Chochote

Seva nyingi ninazoletewa hapa Mbale zilinunuliwa Kampala zikiwa zimeshatumika. Mwenyewe anasasisha Linux, anawasha tena, skrini inagota kwenye `(initramfs)`, yaani mfumo mdogo wa kuwashia unaotangulia Linux yenyewe: diski ya mfumo haipatikani. Wengi hapo huchukua flashi na kusakinisha upya. Nakuomba usifanye hivyo, maana data ya watu imo ndani.

Hatua ya 1. Piga picha ya skrini, washa upya, na kwenye menyu ya GRUB (programu inayowasha Linux) chagua kerneli (kiini cha Linux) ya zamani. Ikiwaka vizuri, diski yako karibu hakika ni nzima. Tatizo liko kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) au kwenye faili ya initramfs. Isipowaka, tumia flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa.

Hatua ya 2. Andika `lspci -nnk`, kisha tafuta kontrola ya SATA, SAS au RAID, yaani chipu au kadi inayounganisha diski na kompyuta. Kontrola isipotajwa kabisa, kagua BIOS, halafu chomoa kadi, ipanguse vumbi na uichomeke tena. Ikitajwa, tazama chini yake:

```
... SAS2008 ... [1000:0072]
    Kernel driver in use: mpt3sas
```

Mstari huo wa pili ukikosekana, hakuna draiva iliyoishika kadi. Jaribu `modprobe mpt3sas` kuipakia draiva, kisha `dmesg | tail -30` kusoma ujumbe wa mwisho wa kerneli. Diski zikitokea, draiva ipo ila haikuingizwa kwenye initramfs. Kwenye Debian na Ubuntu ongeza jina lake katika `/etc/initramfs-tools/modules`, halafu endesha `update-initramfs -u -k all`. Kwenye Fedora na ndugu zake: `dracut -f --regenerate-all --add-drivers mpt3sas`.

Kuna mtego hapa. Red Hat Enterprise Linux 8, iliyotoka 2019, iliondoa kwenye draiva vitambulisho (namba zile za kwenye mabano) vya kadi nyingi za zamani, 1000:0072 ikiwemo. Draiva inapakiwa bila kulalamika, lakini kadi haiguswi. Usipoteze siku, chukua kifurushi cha draiva kutoka ELRepo (hazina ya draiva za ziada za Red Hat), au weka Debian. Kwa seva kuukuu mimi huweka Debian.

Hatua ya 3. Draiva imeshika, ila mashine inakwama kila mara? Soma `dmesg | grep -i ata`. Ukikuta `failed command: READ FPDMA QUEUED` ikifuatwa na `hard resetting link`, usiilaumu kerneli bado. Endesha `smartctl -A /dev/sda`, inayoonyesha kumbukumbu za afya ya diski, na utazame namba tatu: 5 (sekta mbovu zilizobadilishwa), 197 (sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu) na 199 (makosa ya kusafirisha data).

Kompyuta ya shule moja ilinisumbua siku mbili nikibadilisha kerneli. Namba 5 na 197 zilikuwa sifuri, lakini 199 ilipanda kila nilipokopi faili kubwa. Hayo ni makosa ya njiani kati ya diski na ubao mama. Nilibadilisha waya wa SATA, ikatulia. Hesabu ya 199 hairudi sifuri, kwa hiyo iandike kabla ya kubadilisha waya, kopi faili, kisha linganisha.

Zikipanda 5 au 197, diski inakufa. Acha majaribio yote, nakili kwanza kwa `ddrescue` kwenye diski nyingine.

Waya mpya, diski nzima, na makosa bado yapo? Ongeza `libata.force=noncq` kwenye mstari wa kerneli ndani ya GRUB. Kasi itapungua kidogo. Makosa yakikoma, tatizo ni jinsi kontrola na diski zinavyopanga foleni ya maombi. Iache hivyo hadi upate kontrola nyingine.