Ndege kwenye kiwanja chako Mombasa: anza na jaa la taka

Mtu akitaka kuwasaidia ndege kwenye shamba au ua wake, mara nyingi huanza kwa kuwamwagia chakula: wali wa jana, mkate, ukoko wa ugali. Mombasa hilo ni kosa. Atakayekuja kula si chozi wala shore, ni kunguru, na kunguru akishazoea ua wako hakuna kiota kitakachosalimika.

Kunguru tunayemzungumzia ni yule wa shingo ya kijivu. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshatua Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, hunyakua vifaranga vya kuku, na huwafukuza ndege wengine mitini. Usimchanganye na kunguru wa asili, ambaye ni mkubwa kidogo, mweusi, mwenye kifua na ukosi mweupe. Huyo mwache.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni taka. Pipa liwe na kifuniko kinachobana, na kama hakibani weka jiwe juu. Matumbo ya samaki na ya kuku yafukiwe futi mbili chini siku ileile, yasiachwe kwenye mfuko wa plastiki ukutani, kwa sababu kunguru hutoboa mfuko kwa dakika chache. Kwenye lundo la mboji usitie nyama, samaki wala chakula kilichopikwa. Maganda ya mboga yafunike kwa majani makavu kila unapomwaga. Kuku walishwe ndani ya banda, na vifaranga wakae chini ya wavu mpaka wakue.

Kazi ya pili ni viota vya kunguru huyu wa kijivu. Hujenga juu kwenye mwembe au mwarobaini kwa vijiti vilivyochanganywa na vipande vya waya. Mtafute mkwezi aviangushe kwa upondo kabla mayai hayajatagwa. Avae kofia ngumu, maana kunguru hushambulia kichwa. Ukiangusha kiota mara moja ukaacha, atajenga tena kwenye mti uleule, basi kagua kila wiki na uwashirikishe majirani. Kiwanja kimoja kikisafishwa na cha jirani kikabaki na jaa, kunguru huhama ukuta mmoja tu. Habari ya sumu iache kabisa. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hawa kwa sumu maalumu, lakini hiyo ni kazi ya wenye kibali. Nyama iliyotiwa dawa na mtu binafsi huua mwewe, paka na mbwa wa watu, na ni kosa la jinai.

Kunguru akipungua ndipo upandaji una maana. Ndege wengi wa pwani hawahitaji bustani iliyonyolewa. Wanahitaji kichaka kizito kisichopitika, chenye majani tangu chini mpaka juu. Tenga ukanda wa upana wa mita 3 hadi 5 kando ya mpaka mmoja wa kiwanja, uache kufyekwa. Kama una robo eka tu, kona ya mita 5 kwa 5 inatosha kuanzia. Majani yaliyoanguka yasifagiliwe wala kuchomwa, kwa sababu ndani yake ndimo walimo wadudu ambao tiva na kurumbiza huwatafuta.

Miti ya kuongeza ichague kwa tunda na kwa kuvumilia udongo wetu wa matumbawe. Mkunazi, mkone na mkwaju hufaa karibu kila mahali. Msuaki huvumilia chumvi, kwa hiyo upande karibu na bahari. Mkuyu ndio mfalme wa wote: ukizaa, ninga, shore, kuzumburu na hata hondohondo hufika. Lakini mizizi yake huvunja kuta na kuziba mabomba. Uwe mita 15 au zaidi kutoka nyumba, tangi la maji na shimo la choo. Kwa chozi panda mshubiri, ambao hauombi maji mengi.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Ukigonga jiwe la matumbawe, vunja kwa mtaimbo, maana mche ukipandwa juu ya jiwe zima mizizi huzunguka kama ndani ya chungu na mti huanguka kusi ikivuma. Jaza udongo wa juu uliochanganywa na debe moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda mvua za masika zikishaanza kushika, si kabla, na uweke matandazo ya majani yasiyogusa shina. Kiangazi cha Januari hadi Machi cha mwaka wa kwanza ndicho kinachoua miche mingi: mpe kila mmoja lita 10 mara mbili kwa wiki, jioni. Vichaka vipishane mita 1.5 hadi 2. Miti mikubwa mita 8 hadi 10.

Mwenye timbo au jiwe tupu asikate tamaa. Bamburi, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza mwaka 1971 kupanda kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji. Alijaribu aina 26 za miti zikabaki tatu, na mmoja wao ni mvinje. Mvinje hutangulia na kutengeneza udongo, miti mingine hufuata. Kama timbo lina ukingo wa udongo uliosimama wima, usiusawazishe: keremkerem na baadhi ya mdiria huchimba matundu yao humo.

Mwarobaini una wapenzi wengi, na ndege hula matunda yake. Tatizo ni kwamba mbegu wanazodondosha huota kila mahali na kukifunga kichaka cha asili. Mkongwe ulio uani ubaki kwa kivuli na dawa, lakini miche yake ing'oe ikiwa haijazidi magoti.

Kupogoa kuna wakati wake. Ndege wengi hutaga mvua zikinyesha, kwa hiyo kata ua na matawi kwenye kiangazi. Minana wa manjano hushona viota vyao kwenye makuti ya minazi. Mwambie mkwezi aangushe nazi na kuacha makuti yenye viota. Ni kweli huchana majani kupata nyuzi za kujengea, lakini mnazi wenye afya hauumwi na hilo.

Mti uliokufa ukiwa umesimama ni nyumba ya kigogota, na matundu anayoyaacha hutumiwa na ndege wengine. Mwembe au mkorosho mkavu usioweza kuangukia paa ukate matawi, shina la mita 3 au 4 libaki. Ushauri huu hauhusu mnazi. Gogo la mnazi linalooza ndimo chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, hutaga, na funza wake wakikomaa huenda kutoboa vilele vya minazi mizima. Mnazi uliokufa upasue, ukauke, utumike kwa kuni.

Maji ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: sahani ya udongo au karai pana, kina kisichozidi sentimita 5, na mawe machache ya kutulia. Iweke mita 2 au 3 kutoka kichaka: ikiwa karibu zaidi paka hujificha, ikiwa mbali zaidi ndege huogopa mwewe. Mwaga na kusugua kila siku ya pili, bila sabuni. Mbu humaliza ukuaji wake majini kwa takriban wiki moja, na mbu wa dengue hupenda hasa vyombo vidogo kama hivi. Asiyeweza kusafisha asiweke maji kabisa. Paka wa nyumbani afungiwe ndani alfajiri na magharibi, saa ambazo ndege hushuka kula.

Bundi ana sifa mbaya mitaani kwetu, na wengine humpiga mawe akilia. Kwa mwenye shamba ni mlinzi wa bure dhidi ya panya. Lakini panya aliyekula sumu hutembea siku kadhaa kabla ya kufa, bundi akamla na sumu ikamwingia naye. Tumia mitego ya kubana, hifadhi nafaka kwenye mapipa ya bati, ziba mianya ya stoo. Ukitaka kumwekea sanduku, liwe la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 45, mlango wa sentimita 15 uwe juu karibu na paa ili makinda wasianguke, na matundu ya kutolea maji sakafuni. Litundike mita 4 au zaidi, kivulini. Hatari kubwa hapa ni nyuki, ambao huhamia masanduku matupu. Kagua kwa mbali kabla ya kupanda ngazi, na wakishaingia mwite mfuga nyuki. Masanduku madogo hatuyapendekezi mjini, kwani mara nyingi huishia kwa shomoro, ambao nao ni wageni.

Nyumba zenye vioo vikubwa, kama nyingi za Nyali, huua ndege wanaoona miti ndani ya kioo. Stika moja ya mwewe haisaidii. Kinachosaidia ni alama au kamba nyembamba nje ya kioo, zikipishana sentimita 5 mpaka 10.

Kiwanja kinachogusa hori ya Tudor, Mtwapa au Port Reitz kina wajibu wa ziada. Mikoko ya kando si yako hata kama hati inaishia hapo. Kuikata bila kibali ni kosa. Kati ya Septemba na Aprili sululu na kitwitwi waliotoka kaskazini hula kwenye matope maji yakipwa, na yakijaa hukusanyika kupumzika mahali pakavu palipo wazi. Ukipajua mahali hapo, fungia mbwa saa hizo, hasa wakati wa bamvua, na usimwage kifusi ufukweni.

Kujua kama kazi inazaa matunda, hesabu. Chagua saa maalumu ya asubuhi, tembea njia ileile kila mwezi, andika kila aina kwa mpangilio uliowaona, na kunguru wahesabu kando. Orodha hizo pia zinahitajika kwenye Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, unaogawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili huko inataka angalau saa 2 za kuangalia, na unaweza kuiongezea kwa siku 5 mfululizo.