Una ndoto kubwa na hela yako inakuja mara moja kwa mwaka? Fanya hivi

Kuna watu wanadhani ndoto ni za watu wa Dar wenye mshahara wa kila mwezi, sie wa Tandahimba na Newala huku Mtwara tungoje mnada wa korosho tu. Wapi! Mkapa mtoto wa Lupaso huko Masasi aliingia Ikulu 1995, we unaogopa hata kuota duka la jumla?

Kwanza itaje hiyo ndoto ieleweke. "Nataka kutoboa" kila mtu anataka. Sema "nataka kubangua korosho, nipaki, niuze mwenyewe", hapo tunaongea, maana korosho zetu nyingi zinapanda meli zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam na kazi ya kubangua inakwenda nazo hukohuko.

Halafu kabla hujatia hata mia, nenda kaifanye hiyo kazi kwa mtu. Tafuta akina mama wanaobangua, omba ukae nao wiki mbili tatu, hata bure. Ganda la korosho lina mafuta yanaunguza mikono so utajua umuhimu wa glavu, utajua kuitoa nzima maana ikivunjika bei inashuka, na utajua kama kazi unaipenda au ulipenda picha za mtandaoni tu. Ndoto nyingi zinafia hapa, na mi naona poa tu, mtaji bado unao. Ukiona bado inakuwasha pita SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, uulizie mashine ndogo na mambo ya TBS, wale wa viwango vya ubora.

Sasa hela. Msimu unaanza Oktoba, malipo ya AMCOS (chama cha ushirika kinachokuuzia korosho) yakisoma kwenye akaunti kila mtu ana shida na wewe, mara sare ya harusi, mara mjomba, mara pikipiki. Kwa hiyo fungu la ndoto liandike mwezi wa nane ukiwa huna kitu, umuoneshe mtu asiyekuonea aibu, mkeo, mumeo au dada yako, na hela ikiingia lihamishe siku hiyohiyo kwenye akaunti ambayo haipo kwenye simu. Hela ya kupalilia na kupulizia mikorosho usiiguse. Na hesabu zako zipige kwa bei ya chini kabisa, 2018 mnada ulivurugika mpaka serikali ikanunua yenyewe kwa 3,300 kilo na kuna watu walisubiri malipo miezi.

Wa Lindi wenye ufuta, nyie minada yenu inaanza mapema, mwezi wa sita hivi, so fungu lenu liandikeni mwezi wa nne.