Kumpeleka mgonjwa wa saratani ya koo skani baada ya miale

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo hapa Mombasa, na saratani ilimshika kwenye zoloto, pale pale penye sauti. Alitibiwa kwa miale na kemo pamoja. Tangu amalize, mimi ndiye ninayempeleka vipimo vya picha, na watu wenye mgonjwa kama wake hunipigia simu kuniuliza waanzie wapi. Nawaandikia hapa ninayowaambia.

Anzeni na tarehe. Skani ya PET, picha inayoonyesha mahali mwilini panapovuta sukari nyingi, ikiwa ya kuangalia kama matibabu yamefaulu, hungojewa wiki kama 12 baada ya miale ya mwisho. Miale huacha koo limevimba kwa ndani, na nyama iliyovimba huivuta ile sukari ya mionzi anayodungwa mgonjwa, kama saratani inavyoivuta. Mkikimbilia mapema, picha itawaka na mtalia bure. Pengine akatwe kipande cha nyama cha kupelekwa maabara, na nyama iliyopigwa miale huwa nzito kupona. Jamaa watawasukuma: mbona bado hajapigwa picha? Wajibuni kwa upole na mshike tarehe ya daktari. Ila uvimbe mpya shingoni, damu mdomoni au pumzi inayobana havingojei wiki wala skani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu tafuteni picha za zamani. Koo lililotibiwa halifanani tena na koo la kawaida, na asiyeona lilivyokuwa hawezi kutenga kovu na kitu kipya. Ombeni sidii yenye picha zenyewe, maana ripoti peke yake haitoshi, wala filamu iliyopigwa picha kwa simu. Ifungueni kwenye kompyuta kabla hamjaondoka dirishani, muone kama inasoma. Ongezeni karatasi inayoonyesha miale iliisha lini na alipigwa kiasi gani. Mimi huweka vyote katika bahasha moja ya plastiki yenye zipu, na bahasha hiyo naibeba mwenyewe, siitii kwenye begi la nguo.

Sisi kwa PET tulitumwa Nairobi. Aga Khan wanayo tangu 2018, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta wanayo pia. Ulizeni mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani, na idhini iwe mkononi kabla ya kukata tiketi. Fikeni jana yake. Dawa ya sindano, ile sukari ya mionzi, huandaliwa kwa saa ya mgonjwa wenu na nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110, kwa hivyo basi likiharibika Voi, dawa haiwangojei. Mtu wa pwani abebe sweta na soksi nzito: mwili ukihisi baridi, kuna mafuta ya shingoni na mabegani yanayochoma sukari ili kuupasha joto, nayo huwaka kwenye picha mahali hasa panapochunguzwa.

Siku moja kabla, asibebe mizigo wala kupanda ngazi nyingi. Asile kwa muda wa saa 6 kabla ya sindano, ila maji matupu anywe. Anayelishwa kwa mpira, maziwa ya mpirani ni chakula pia. Ikiangukia Ramadhani, ombeni tarehe nyingine au atumie ruhusa ya mgonjwa, kwa sababu maji yanahitajika. Mwenye kisukari apige simu siku kadhaa mbele aulize kuhusu metformin na insulini. Sukari ya damu ikizidi 11 (mmol/L) asubuhi hiyo, huenda wakamrudisha.

Kisha lile ambalo wengi hawaambiwi: kimya. Akishadungwa atalazwa kama saa nzima kwenye chumba tulivu, na saa hiyo asizungumze, asitafune, asipige simu. Msuli unaofanya kazi hula sukari, na misuli ya sauti imekaa palipokuwa na saratani. Baba alikuwa amelala chali, blanketi hadi kidevuni, midomo inacheza. Muuguzi akainama: "Mzee, unasema kitu?" Alikuwa akileta uradi. Akamwomba asome moyoni, baba akafumba mdomo, akabaki anahesabu kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole vingine. Mwambieni mgonjwa wenu kabla hamjatoka nyumbani. Miraa na ubani wa kutafuna aviache tangu usiku.

Akiandikiwa CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, yenye dawa ya mshipani, apimwe kreatinini kwanza kuona hali ya figo, na aseme kama ana pumu au aliwahi kudhurika na dawa hiyo. Atahisi joto likimshuka mpaka kinenani kana kwamba amejikojolea. Hajajikojolea, na hupita upesi. Kwa MRI, picha inayopigwa kwa sumaku kali, mwenye mrija wa chuma wa kupumulia shingoni abadilishiwe wa plastiki kwanza. Anayesumbuliwa na mate mazito aombe kuvutwa kabla ya kulala, maana kumeza na kukohoa huharibu picha.

PET ikitoka na shaka, si hukumu. Mara nyingi hurudiwa baada ya wiki kadhaa, au huchukuliwa chembe kwa sindano. Ikitoka safi na mgonjwa hana dalili, msinunue skani kila mara ili kutuliza roho. Wekeni fedha hiyo kwenye nauli ya kliniki, kwa daktari wa masikio, pua na koo anayeingiza kamera puani akaangalia kwa macho na kupapasa shingo. Mwaka wa kwanza ni kila mwezi 1 hadi 3, wa pili kila miezi 2 hadi 6, kisha hadi mwaka wa 5 kila miezi 4 hadi 8. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Sauti ikizidi kukwaruza, sikio moja likiuma au kumeza kukiwa kugumu, msingoje zamu.

Na kila miezi 6 hadi 12 daini kipimo cha damu cha TSH, kinachoonyesha kazi ya tezi ya shingoni (thairoidi), kwa kuwa miale ya shingo huidhoofisha tezi hiyo. Baba alianza kulala mchana kutwa na kuomba shuka Januari, joto la Mombasa likiwa kali, na nyumba nzima ikataka apelekwe skani. Daktari alimtoa damu kwanza. Ilikuwa tezi, na sasa anameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai.