Namna ya Kusoma Maandiko ya Tiba ya Kichina Kuhusu Kupata Mtoto wa Kiume

Anza na neno zi, kwa kuwa ndilo linalowapoteza wasomaji wengi: maana yake ni mtoto, mara nyingi mtoto wa kiume, na pia mbegu ya mmea. Ukikuta sura iitwayo qiuzi, yaani "kutafuta zi", usiharakishe kuamua kama tabibu anamtibu mwanamke asiyeshika mimba au anautafutia ukoo mrithi, maana katika nyumba ambamo mwana wa kiume ndiye aliyewatambikia mababu, mambo hayo hayakutenganishwa. Hata dawa ya wanaume ya "zi tano", ya kuendeleza ukoo, hutengenezwa kwa mbegu na matunda ya mimea mitano.

Kisha angalia ushauri unahusu wakati gani. Kabla ya mimba, utasoma juu ya figo, zinazoaminiwa kuhifadhi asili ya uzazi, na juu ya kuhesabu siku baada ya hedhi. Baada ya mimba ndipo penye utamu. Hati ya Taichan shu, maandiko ya kale kuhusu mimba na uzazi, iliyofukuliwa mwaka 1973 katika kaburi la Mawangdui, Uchina, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, inaeleza kwamba mimba ya mwezi wa tatu bado hugeuka kufuata kile mama anachokitazama. Anayetaka mwana basi huweka upinde na mishale. Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7, anaagiza shoka liwekwe chini ya kitanda cha mjamzito, makali yakielekea chini, mtu yeyote asijue. Asiyeamini aliweke chini ya kuku anayeatamia, na vifaranga wote watakuwa majogoo. (Mfugaji yeyote angeweza kumuumbua.)

Dawa unazozikuta humo zichukue kama historia tu. Xionghuang, madini mekundu ambayo jina lake huanza na neno la "dume", na ambayo mjamzito aliambiwa ajifunge katika kifuko, yana aseniki, nayo ni sumu.

Kuhusu ile jedwali ya kubashiri jinsia ya mtoto kwa umri wa mama na mwezi wa kutunga mimba, inayosambazwa kama siri ya kasri la wafalme wa Qing, nasaba ya mwisho ya Uchina, watafiti waliipima kwa kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 2.8 waliozaliwa Uswidi, ikabashiri jinsia sawasawa na kurusha sarafu.