Ukitaka modeli ya hewa ikubali huku Kisumu, anza na udongo

Watu wengi wakianza kuendesha WRF, ile programu ya kompyuta ya kukadiria hali ya hewa, wanahangaika na mvua tu, wanabadilisha mambo ya mawingu wiki nzima na udongo hawajaugusa. Mimi naanzia chini.

Pita Ahero mwezi wa kwanza. Ule udongo mweusi wa tambarare ya Kano umepasuka mpaka mkono unaingia kwa ufa, na hapo tu ng'ambo ya mfereji mpunga umesimama kwa maji. Jua ni moja. Kwa mpunga joto linaishia kugeuza maji kuwa mvuke, kwa udongo mkavu linapasha hewa. Milimita 1 ya maji ikikauka kwenye mita 1 ya mraba inakula megajuli 2.45 hivi, na hilo joto lingetosha kupandisha hewa ya juu yake, kilomita 1 nzima, kwa nyuzi 2 na kitu. Sasa modeli ikidhani Kano ni kavu kuliko ilivyo, mchana unakuwa moto sana, upepo wa kutoka ziwani unazidi nguvu maana unavutwa na hiyo tofauti ya joto, na mvua ya jioni inaangukia mahali sipo.

Kwa hivyo cheki kwanza unyevu wa udongo ulioingia kwa modeli. ERA5, data ya hali ya hewa iliyopita unayoanzia nayo, ina matabaka manne ya udongo mpaka sentimita 289, Noah, sehemu ya WRF inayoshughulikia udongo, pia ina manne lakini inaishia mita 2, kwa hivyo namba zinapigwa hesabu upya katikati, na usiamini tu, chora ramani uangalie.

Halafu upe udongo muda, hapa ndio watu wanaharibu. Mwanzoni nilikuwa naanza siku 2 kabla ya mvua za mwezi wa tatu, nikapoteza kazi ya mwezi mzima, kumbe unyevu wa tabaka la chini ulikuwa bado unashuka pole pole. La juu linatulia kwa siku chache, la chini linataka miezi, hata mwaka na zaidi. Endesha modeli mwaka uleule tena, linganisha unyevu wa tabaka la mwisho kwa tarehe ileile, na kama bado zinatofautiana sana rudia tena.

Aina ya udongo na mimea nayo angalia, mpunga wa Ahero unaweza kuandikwa kwa ramani ya modeli kama shamba la kawaida na maji ya mfereji modeli haiyajui.

Mwisho pima mwenyewe. Satelaiti ya SMAP, ya kupima unyevu wa udongo, inasoma sentimita 5 za juu tu. Chukua kopo la sentimita 100 za ujazo, lizamishe ndani ya udongo bila kuuvuruga mpaka lijae, pima uzito, kausha kwa oveni nyuzi 105 masaa 24, pima tena. Ukipoteza gramu 30 basi unyevu ni 0.30, na hiyo ndiyo namba yenyewe modeli inatumia, ziweke kando kwa kando uone zimeachana wapi.