Jinsi ya kuifikisha hoja yako kwenye kamati ya Bunge kabla muswada haujakupita

Nilikaa miaka tisa kwenye sekretarieti ya kamati pale Dodoma. Nilipanga makabrasha, nikaandika kumbukumbu za vikao, nikawaonyesha wadau wapi pa kukaa. Sasa niko upande wa pili wa meza, nawasemea wenye malori na wachimbaji wa madini. Vijana wanaonifuata wanadhani kazi hii ni kujuana na waheshimiwa. Kujuana kutakupatia chai kantini, basi.

Kazi ni karatasi. Muswada ukisomwa mara ya kwanza unapelekwa kwenye kamati, na kamati ndiyo inayoita wadau. Hapo ndipo pa kupigania. Ukisubiri usomwe mara ya pili, utabaki kumtafuta mbunge mmoja wa kukupelekea jedwali la marekebisho, usiku, na serikali imeshajipanga.

Mteja wangu wa kwanza, chama cha wasafirishaji, nilimwandalia kurasa 42. Historia ya usafirishaji, picha za mashimo barabarani, kila kitu. Tulipewa dakika kumi. Mwenyekiti akafunua funua, akauliza: "Sasa mnataka tubadilishe ibara ipi?" Nikaanza kupekua. Mimi, niliyekuwa nawacheka wadau wa namna hiyo!

Tangu siku hiyo napeleka kurasa mbili, zenye jedwali la safu nne: ibara, inavyosomeka sasa, isomekeje, kwa nini. Usiandike "tunaomba kanuni zitungwe mapema". Andika hivi: palipo na "Waziri anaweza kutunga kanuni", pasomeke "Waziri atatunga kanuni ndani ya siku tisini". Kamati ikikubali, inanakili tu. Na kumbuka muswada una ibara, sheria ina vifungu. Ukichanganya, watajua hujawahi kukaa mle ndani. (Tangu 2021 lugha ya sheria zetu ni Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha tafsiri hakipo tena.)

Nakala moja mpe katibu wa kamati mkononi. Rasimu ya taarifa ya kamati inaanzia kwake.

Kabla ya yote, hakikisha umebisha mlango wenyewe. Wenye malori huja na kilio cha mizani wakitaka kikomo cha tani 56, uzito wa juu wa lori pamoja na mzigo wake, kipandishwe. Kikomo hicho kimo kwenye sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, na Bunge lake liko Arusha. Dodoma utapoteza nauli.

Kwenye madini, chunga hati ya dharura, ile inayoruhusu muswada upitishwe haraka bila kusubiri muda wa kawaida. Julai 2017 marekebisho makubwa yalipita ndani ya siku chache: mrabaha wa dhahabu (malipo ya mchimbaji kwa serikali kwa thamani ya madini) ukatoka asilimia 4 hadi 6, serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia. Aliyesubiri barua ya mwaliko ndipo aanze kukusanya takwimu aliachwa stendi. Mafaili yangu ya madini yana jedwali nusu tayari hata muswada usipokuwepo.

Bahasha usibebe, hata ukiambiwa ni "ya maji". Sheria ya rushwa ya 2007 inambana mtoaji kama mpokeaji, na anayepokea leo kesho atapokea ya mshindani wako.

Siku ya kikao fika saa moja kamili asubuhi na nakala zako zimeshabanwa pini. Mashine za kutoa kopi jirani na Bunge zina foleni kuanzia saa mbili.