Kuagiza chakula kwenye deti ukiwa bado unapona matatizo ya ulaji, kwa sisi wa Mbeya

Nimetoka kumsaidia rafiki yangu kujiandaa na deti yake ya kwanza tangu aanze matibabu, kaniambia niandike na wengine wapate. Mi mwenyewe nilijinyima kula miaka mingi kwahiyo haya nimeyapitia. Hii ni kwa mtu ambaye tayari ana daktari au mshauri. Kama bado huna, anzia hospitali ya rufaa, ulizia afya ya akili, deti itasubiri.

Hatua ya 1: Omba iwe mchana

Deti za usiku sizipendi kabisa kwa mtu anayepona. Zinakupa kisingizio cha kushinda njaa eti unajitunzia, ukifika ama unashindwa kumeza ama unakula kupitiliza halafu usiku kucha majuto. Asubuhi kunywa chai na kitafunwa chako kama siku zote, milo mitatu na vitafunwa katikati haivunjwi kwa sababu ya mtu. Halafu mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya usiku ni baridi kali, na mwili ambao haujala vizuri unasikia baridi zaidi.

Hatua ya 2: Sehemu chagua wewe

Bufee hapana. Kitimoto ya sinia moja pia hapana kwa sasa, kwenye sinia la kuchangia unaweza kudokoa vipande viwili na hakuna atakayejua, hata wewe hutajua umekula nini. Unataka sahani yako.

Hatua ya 3: Amua chakula kabla hujatoka nyumbani, na uamue viwili

Hapa ndo watu wanakwama. Sehemu zetu nyingi hamna menyu ya karatasi, dada anakuja anasimama anakutajia wali, ugali, ndizi, chipsi, we umejiandaa wiki nzima na ndizi nyama anakwambia ndizi imeisha, mwenzio anakuangalia, kichwa kinaanza mahesabu na mdomo unasema "niletee soda tu". Sio udhaifu huo. Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 waliojitolea, wazima kabisa, wakafika mahali wanawaza chakula muda wote na kusoma vitabu vya mapishi. Njaa ya muda mrefu inateka akili ya mtu yeyote.

Kwahiyo andika kwenye simu chakula cha kwanza na cha pili. Vyote viwe mlo kamili, mfano ndizi nyama, ikikosekana wali maharage na mboga. Kachumbari sio cha pili. Supu peke yake sio cha pili. Viwe vitu unavyovila siku hizi bila vita, vile unavyoviogopa vifanyie mazoezi nyumbani na mtu wako. Vikikosekana vyote viwili, unasema "niletee kama chake", basi, hakuna kufikiria tena.

Ukiacha hapo vyote viwili vikikosekana, agiza kabla yake, maana ukisikia kaagiza kidogo na we utashusha. Na hili la nani analipa tuseme ukweli, kwetu binti akisema "mi nimeshiba, soda inatosha" anaonekana ana adabu hana tamaa, na ugonjwa unajificha vizuri sana humo ndani. Chagua sehemu ambayo hata ukiambiwa ulipe mwenyewe unaweza, hiyo sababu inakufa.

Sahani ikija na mlima wa wali wa Kyela usitishike, unakula kiasi mlichokubaliana na mshauri. Kubaki ruksa, kufungiwa ruksa, ila uombe kufungiwa ukishamaliza kula, sio sahani ndo inatua mezani unaigawa.

Hatua ya 4: Mwambie kidogo

"Nilikuwa na shida ya kula, natibiwa, naomba tusiongelee mwili wangu wala nakula kiasi gani." Inatosha. Maana bila hivyo atasema umenenepa akidhani anakusifia. Akiendelea baada ya kuambiwa, ondoka.

Hatua ya 5: Mkimaliza, msinyanyuke haraka

Agiza chai, kaeni mpige stori, chooni nenda kabla ya kula. Tumbo lililozoea kunyimwa linasaga taratibu, utasikia limejaa na gesi kama umekula mara tatu, ni kawaida na linapungua kadri unavyokula kwa mpangilio wiki hadi wiki. Hamu ya kutapika ikija mpigie mtu mliyepanga kabla. Kujitapisha kunashusha potasiamu, madini ya mwilini yanayousaidia moyo kudunda, na ikishuka moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake, kwahiyo kama umetapika na unasikia moyo unadunda ovyo, kizunguzungu, au misuli imeisha nguvu, usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali muda huohuo na uwaambie ukweli kwamba umejitapisha ili wakupime damu.